Jicho Kwenye Mbabula

Walisema nyumba zinatiwa alama. Nilisikia maneno hayo kwenye bomba, kwa mama mmoja aliyeyasikia kwa mwingine, na tangu siku hiyo hayakutoka kichwani mwangu. Eti wanapita kwanza watu wachache, wanaangalia, wanaweka kitu kidogo kwenye nyumba ya mwana-Kasai. Kisha wanakuja wengi, kuchoma na kuwafukuza watu warudi Kasai. Mmoja alisema ni msalaba wa makala. Mwingine alisema ni chokaa chini ya dirisha. Wa tatu, aliyekuwa anajaza bidoni yake, alicheka vibaya akasema: "Mutatafuta, hamutaona kitu. Bale benye kuitia njo banaiona." Yaani wanaoiona ni walioiweka tu.

Mimi nilizaliwa hapa Likasi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, na hiyo Kasai yenyewe sijaiona kwa macho. Lakini mwaka ule wa tisini na mbili hakuna aliyekuuliza ulizaliwa wapi. Walikuuliza jina la baba yako. Bwana yangu Zéphirin ni Musanga, mtu wa hapa, anavunja mawe Kakontwe, na kwa ajili ya jina lake watu walipita mlangoni kwetu bila kusema neno. Mdogo wangu Angèle hakuwa na jina la kujifunika. Bwana yake alikuwa mwana-Kasai kama yeye, karani, na Angèle alikuwa na mimba kubwa. Wengi walikwisha kwenda kulala gare kungoja treni. Yeye alikataa.

"Yaya, nizalie mu njia sawa mbuzi?" aliniambia. "Ngoja nizae kwanza. Kisha tutaona."

Basi hofu yangu yote ilikuwa hapo: kwamba watamfikia kabla hajazaa. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilizunguka nyumba yetu, kisha nilikwenda hadi kwa Angèle nikazunguka ya kwake. Nilipapasa ukuta kwa kiganja. Niliangalia nyuma ya mlango wa choo, na chini ya dirisha, na juu ya mlango. Sikuona kitu. Nilirudi nyumbani nikashukuru Mungu, nikawasha moto, nikapika. Na alama ilikuwa hapo hapo miguuni pangu, ninapikia bukari, ugali wetu, juu yake.

Nitaeleza ilivyoanza.

Mwanangu Urbain alisoma kazi ya vyuma, lakini alipomaliza shule hakuna mahali palipoandika watu kazi tena. Kisha nyaya za umeme za mtaa wetu zikaibwa, na hata wale waliozoea kupikia resho wakarudi kwenye makala. Urbain akaona njia. Alitafuta mapipa ya zamani, akakata, akakunja, akatengeneza mbabula, majiko ya makala. Ndani alikandika udongo wa kichuguu ili moto usile bati, na udongo ukikauka alitoboa matundu ya hewa, bati na udongo pamoja. Mbabula zake zilikuwa nzito, haziyumbi hata ukisonga bukari ya watu wengi.

Siku moja mama mmoja alikuja na kelele tangu barabarani. "Urbain! Mbabula yako inapasuka, makala inaangukia mutoto ku muguu!" Urbain aliigeuza, akaiangalia chini, akasema hii siyo yangu. Yule mama hakusadiki. Mbabula zote zinafanana, nani ataapa? Alimtukana mpaka jirani wakatoka. Jioni ile Urbain hakula vizuri. Akasema: "Mama, lazima niwe na alama yangu. Muntu akiiona tu, ajue hii ni mukono ya Urbain."

Mimi nilifurahi. Sitasema uongo. Mtoto anayetaka jina lake lijulikane kwa kazi nzuri, mama gani atamkataza?

Alichora kwa chaki juu ya kipande cha bati, akakiegemeza ukutani karibu na mlango, pale ambapo kila mgeni lazima akione. Kila aliyeingia aliambiwa: sema unaona nini, na usinihurumie.

Kwanza alichora U, herufi ya jina lake, kubwa, na mstari chini. Wakati ule vyama vilikuwa vinapigana maneno, na vile vilivyoogopesha watu pande zote mbili vilianza na U.

"Futa," nikamwambia.

"Mama, ni jina yangu."

"Wewe unasoma jina yako. Ule mwenye panga atasoma chama yake, ao chama ya adui yake. Futa!"

Akafuta. Baba yake aliniunga mkono, na siku ile nilijiona nimeokoa nyumba. Hivyo ndivyo tulivyofikiri, sote: kwamba hatari iko kwenye mchoro. Tulikuwa tunachunga mchoro tu.

Kisha Urbain akachora kanga, yule ndege mwenye madoadoa, kwa sababu madoadoa ni matundu tayari. Wazo lilikuwa zuri, ila ndege alitoka mnene, na matundu mengi mno. Zéphirin alirudi kutoka Kakontwe mweupe kwa vumbi hadi kope, akasimama mbele ya bati, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Hii ni kanga," akauliza, "ao ni mugonjwa ya surua?"

Tulicheka hadi Urbain mwenyewe akacheka. "Na makala yote itatokea mu ile surua," baba yake akaongeza. "Bibi atapika majivu tupu."

Jirani yetu Adrienne, ambaye tunasali naye kikundi kimoja, alisema aweke moyo. "Moyo inapendeza. Banamuke tutanunua."

"Mama Adrienne, moyo inafanana na matako," Urbain akasema, na Adrienne akamrushia kandambili.

Aliyemaliza shauri ni Angèle. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, miguu imevimba, anajipepea. Alikitazama kile kipande muda mrefu. "Toa mwili yote," akasema. "Acha jicho tu. Jicho ya kanga. Tundu moja kubwa katikati, na tudogo tudogo kuzunguka. Muone, linaniangalia kila fasi ninageukia."

Urbain alitoboa jicho kwenye mbabula mpya, tukatia makala, tukangoja giza liingie kidogo. Moto uliposhika, jicho likawaka. Lilikuwa zuri, jekundu, na duara lake dogo dogo kama shanga. Adrienne akapiga vigelegele. Mimi sikupenda kuangaliwa hivyo. Nilikwisha kumfutisha jina lake. Nimkataze na jicho pia?

Ghislain alikuja kesho yake. Ghislain alisoma darasa moja na Urbain. Alikuwa akila kwetu tangu wakiwa wadogo, anajua mwiko uko wapi, hangoji kukaribishwa. Kati yao wawili yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Aliizunguka mbabula ile, akapiga magoti, akafunga jicho moja.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Lakini moja haitoshi, vieux. Muntu akipita ku barabara anaona nini? Anaona mugongo ya mbabula tu, njo giza. Weka tatu. Moja huku, moja huku, moja nyuma. Mudomo ya kutilia makala inabakia kwa mwenye kupika. Na matundu yakuwe makubwa kidogo. Mangaribi, hata muntu eko mbali, aseme: pale kuko mbabula ya Urbain."

Tulimsifu. Zéphirin alisema huyu ndiye fundi wa kweli, yaani anafikiria mpita njia. Nilimpakulia sombe ya majani ya muhogo, akala, akalamba vidole.

Urbain alifanya kama alivyoambiwa, na mbabula za jicho zikatoka. Sasa sikiliza zilitoka kwenda wapi, maana hapa ndipo penye maneno. Wakati ule hata nyanya ulinunua kwa mtu wa kwenu. Mtu wa huku alipita meza ya mtu wa kule kana kwamba hakuna meza. Urbain, hata kama baba yake ni Musanga, walimwita mtoto wa mama yake. Kwa hiyo walionunua ni akina mama wa kikundi chetu cha sala, na shemeji za Angèle, na jirani wa shemeji, na watu waliokaa njia moja na baba yangu marehemu. Wengine hawakununua hata moja. Urbain aliona wateja tu. Mimi niliona wateja tu. Jioni, nikitoka kwa Angèle, niliona jicho kwenye baraza hii, nikapita nyumba kadhaa, nikaona jicho kwenye ile, na moyo wangu ulisema: mwanangu anajulikana.

Halafu siku moja mchana Ghislain alikuja tena. Nilikuwa ndani ninachambua maharage. Wao walikuwa nyuma ya nyumba kwenye vyuma, na dirisha halina kioo.

"Na mie nataka mbabula," Ghislain akasema. "Mama analia moshi kila siku."

"Nitakutengenezea ya kwako nzuri," Urbain akamjibu. "Jicho yako nitaipiga vizuri kupita zote."

Kisha Ghislain akasema, polepole, kama mtu anayeomba chumvi kidogo tu: "Apana. Ya kwangu usitie jicho."

"Juu ya nini hutaki? Weye mwenyewe ulisema tatu!"

"Usitie tu."

Nilitoka. Maharage yalimwagika na sikuyaokota. Nilimwangalia Ghislain usoni nikamwuliza: "Mwanangu, mbona weye hutaki jicho?"

Alitabasamu. Mtoto niliyemtoa miiba miguuni. "Mama Urbain, kwetu kunajulikana," akasema. "Haina lazima ya alama."

Akaaga, akaenda zake akipiga mluzi.

Nilikaa chini pale pale kwenye mavumbi ya chuma. Kila nyumba niliyoipapasa asubuhi, kila ukuta niliouchungulia, niliviona tena vyote, na baraza moja moja, na jicho moja moja. Ukiacha yetu, hakuna nyumba ya mwenyeji iliyokuwa nalo. Hakuna.

"Mama, unaumwa?" Urbain akauliza.

"Hesabu nani anapikia ku jicho lako," nikamwambia. "Hesabu kwa majina."

Alianza kuyataja. Adrienne. Tantine Angèle. Mama wa kwaya. Alipofika kati sauti ikapungua. Alipomaliza uso wake ulikuwa wa majivu. Lakini kijana ni kijana. Akageuka, akaanza kugomba. "Ghislain hawezi. Ghislain ni ndugu yangu. Weye unasikiliza bongo, uongo ya ku bomba, mpaka unaona mambo."

Tulikuwa tunagombana hivyo Zéphirin akaingia mapema, siku ambayo hakuwa na sababu ya kurudi mapema. Hakunawa. Alisimama na vumbi lake jeupe akaniuliza: "Sisi mbabula yetu ina jicho?"

"Iko nalo. Unauliza juu ya nini?"

"Kule ku mawe kijana mmoja ananicheka. Anasema, muzee, bibi yako anapikia ku jicho? Nikamwuliza jicho gani. Akasema, leo jioni tunatafuta majicho, weye zima la kwako." Alijipangusa vumbi mdomoni. "Bote bakacheka. Hata ule mwenye ninagawanyaka naye mukate."

Urbain alichukua nyundo. Alitaka kukimbia nyumba kwa nyumba kuzivunja. Baba yake alimshika mkono mmoja, mimi wa pili. Kijana njiani siku zile alisimamishwa, akaulizwa jina, akaambiwa sema neno fulani tusikie ulimi wako. Wengine walipelekwa Buluo, na mama zao walizunguka ukuta wa gereza na chakula bila kujua kama mtoto yuko ndani. Nikamwambia: "Weye utabakia hapa na baba yako, muzibe la kwetu. Mie nitaenda. Mama mwenye karai ku kichwa, nani atamwuliza?"

Urbain alikuwa na udongo wa kichuguu uliokwisha kukandwa kwa kazi ya kesho. Alinijazia karai. Alinionyesha: zima moto, lowesha ndani, bandika udongo juu ya tundu ukitokea ndani, sukuma kwa dole gumba hadi utoke nje kidogo, kisha lainisha na jivu. Hewa itaingia kwa mdomo wa mbele peke yake. Moto utakuwa mzito, lakini utawaka.

Nikaenda. Jua lilikuwa bado juu kiasi. Kwa Adrienne hakukuwa na shida, maana moto ulikuwa umezimika, ila alilalamika: "Unaharibu uzuri wake wote. Na ilimupendeza shemeji yangu!"

"Adrienne, ukikaa hai utanunua ingine."

Aliniangalia, akaenda kuniletea maji. Alinifuata nyumba mbili akinisaidia, kisha akakumbuka watoto wake akarudi mbio.

Nyumba nyingine walinisikiliza. Nyumba nyingine niliwadanganya, nikasema Urbain amegundua matundu yanakula makala mengi. Mzee mmoja alinifukuza. Alisema aliilipia mbabula na jicho lake, na hakuna mwanamke atakayekuja kuichezea. Nilimwacha. Mpaka leo najiuliza kama nilipaswa kupiga kelele. Nilikuwa na haraka. Kwa Angèle kulikuwa mbali, ng'ambo ya reli, na nilikuwa nimeanza na za karibu kwa sababu zilikuwa njiani. Nilipovuka reli mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na udongo kwenye karai ulikuwa umebaki kidogo.

Angèle alikuwa peke yake. Bwana yake alikuwa amekwenda kuulizia treni. Alikuwa barazani, tumbo mbele, sufuria ya maharage jikoni, na mbabula inawaka vizuri. Jicho moja lilitazama barabara. Jicho la pili lilitazama kichochoro. La tatu lilitazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa.

"Zima!" nikasema.

"Yaya, maharage haijaiva."

"Angèle, zima moto!"

"Ni nini? Unakimbia sawa muntu mwenye kuiba karai ya bantu."

Ndipo tuliposikia wimbo. Ulikuwa bado mbali, kwenye kona ya juu, sauti za vijana na vijiti vikipigwa kwenye mabati. Bilulu barudi kwabo, walikuwa wanaimba, wadudu warudi kwao. Angèle aliacha mwiko.

Mtu mwenye hofu hufanya lile lililo mkononi mwake. Mkononi mwangu kulikuwa na udongo, na udongo nikaubandika juu ya jicho, kwa nje, juu ya bati lenye moto. Mtu yeyote aliyewahi kukandika mbabula angejua. Udongo mbichi haushiki bati la moto. Ulipiga kelele, chwiii, ukafoka mvuke, ukapasuka, ukaanguka vipande vipande, na mimi vidole vikaungua. Nikabandika tena. Ukaanguka tena. Mvuke ulipanda juu ya paa kama tumewaita.

Wimbo ulikatika kidogo. Halafu ukaanza tena, karibu zaidi.

Kuibeba ile mbabula wakati huo, mbele ya macho yao, ilikuwa kama kuwaambia ndiyo. Nilimvuta Angèle nikamkalisha chini, mgongo kwenye jicho la kichochoro. Mimi nikakaa mgongo kwenye jicho la barabara. Tukajifanya tunazungumza. Joto lilipita kitenge, likapita blauzi, likaanza kuingia kwenye ngozi.

"Yaya, ninaungua," Angèle akasema kwa midomo.

"Ungua."

"Mutoto anapiga teke."

"Apige. Uongee kitu. Uongee ya maharage."

"Maharage... maharage hii ni ya zamani," akasema, na machozi yakimshuka. "Haiivaka upesi."

Lile la tatu hatukuwa na mtu wa kuliziba. Niligeuza macho nikaliona kwenye ukuta wa chokaa: kubwa, jekundu, linatikisika kila upepo ukivuta makala, duara zima na tundu la katikati. Ghislain alisema kweli siku ile. Mtu angeliona kutoka mbali sana.

Walisimama mbele ya baraza. Walikuwa wengi, wengine watoto tu, wenye matawi ya miti na vipande vya nondo. Mmoja aliyetangulia, simjui, alinyoosha nondo kwenye ukuta.

"Jicho njo hili. Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwangu," nikasema. "Kwa Zéphirin, wa Kakontwe. Musanga. Enda umuulize mutu yeyote ku mawe."

"Bongo."

"Nakuambia ni kwangu. Huyu ni mugeni wangu, eko na mimba, hauoni?"

"Zéphirin anakaa hapa?" yule kijana akawageukia wenzake. "Nani anamujua Zéphirin?"

Na kati yao nikamwona Ghislain. Alikuwa amevaa shati nililomshonea kifungo. Alimwangalia Angèle, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Alijua. Alikula kwenye baraza ile ya Angèle sikukuu ya Pasaka. Neno moja tu lilitosha. Nilimwangalia na sikumwomba kitu.

"Huyu ni mama Urbain," Ghislain akasema. "Bibi ya Zéphirin. Namujua tangu kitoto."

Alisema hivyo tu, na yote yalikuwa kweli. Yule wa nondo alitema mate barazani. Wakaanza kuondoka, wimbo ukarudi. Ghislain alibaki nyuma kidogo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akasema bila kuinua kichwa: "Mama, umupeleke ku gare sasa hivi. Kesho ninaweza nisiwe nao." Kisha akanyanyuka, na akaniuliza kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuomba sombe: "Na mbabula yangu, Urbain alimaliza?"

"Atamaliza," nikasema.

"Aksanti, mama."

Walipopinda kona nilimsukuma Angèle mbele nikaangusha mbabula na maharage yote. Mgongo wangu ulikuwa umetoka malengelenge, na wake vilevile, duara dogo dogo. Hatukulia. Tulifunga nguo mbili tatu, sahani, picha ya ndoa. Bwana yake tulimkuta njiani anarudi, akageuka nasi bila kuuliza. Nyuma yetu, upande wa juu wa mtaa, moshi ulikuwa umeanza kupanda. Ulikuwa upande wa yule mzee aliyenifukuza.

Nyumba nilizozikandika walizipita jioni ile. Adrienne alisikia miguu yao ikipita bila kusimama. Lakini kabla ya mvua kukolea hata yeye aliondoka, na karibu wote, kwa maana wale vijana walirudi bila kuhitaji alama yoyote. Waliondoka angalau wakiwa na masanduku yao na watoto wao wakiwa wazima.

Angèle alizaa gare, juu ya kitenge, na akina mama wakishika nguo kumzungushia. Mtoto wa kike. Treni ilipofika waliingia na mtoto ana kitovu kibichi. Nilimkabidhi mtoto kwa dirisha la behewa. Sijapata habari yake tangu hapo. Wengine walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, wengine walizikwa njiani karibu na reli. Kila mtu anayetoka huko namwuliza, na kila mtu anasema watu ni wengi mno.

Mbabula ya Ghislain Urbain aliitengeneza. Tungemkatalia vipi? Aliifanya nzuri, bati nene, bila jicho. Ghislain aliigeuza, akaipiga kwa kucha, akasema kazi ni safi. Akala kwetu siku ile. Na mimi nilimpakulia, na sijui mpaka leo kama nilikuwa nampakulia aliyemwokoa mdogo wangu ama aliyemchongea. Sikumwuliza kama siku ile ya matundu matatu alijua tayari. Naogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Sasa naona vijana wengi tena wanafanya kazi za mikono, maana hakuna nyingine, na kila mmoja anataka alama yake: mwenye sabuni, mwenye viatu, mwenye mikate. Wanachora, wanawauliza watu: ni nzuri? Mama, ukiwa na mtoto wa hivyo, msomee haya ya kuepuka.

Asitie alama inayoonekana kutoka barabarani. Itoshe kwa aliyeshika kitu mkononi; iwe chini, ama ndani.

Asiuze kwa watu wa kwenu peke yao, hata kama wengine hawataki. Kama hawataki kabisa, asitie alama.

Asiulize tu inafanana na nini. Asisahau kuuliza nani atakuwa nayo, na nani hatakuwa nayo.

Asitumie herufi za chama, wala rangi zao.

Asifuate shauri la kuikuza alama bila kumwuliza mwenye shauri: na ya kwako, niitie?

Asibandike udongo mbichi kwenye bati la moto. Azime kwanza.

Asianze na nyumba zilizo karibu. Aanze na ile anayoiogopea.

Na mwenye mimba asingoje kuzaa.